Sanduku la Wasomaji: Kijiji cha Ziwani Kianze na Lipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka ukanda wa Ziwa Victoria, na nyingi zinalalamikia jambo lile lile: wananchi walikutana, wakasema wanachotaka kilindwe, kisha mwaka ukapita bila chochote kufanyika. Tumejibu kwa kufuata sheria za Tanzania, nchi yenye takriban asilimia 51 ya ziwa hilo. Msomaji wa Homa Bay, Kenya, tumemjibu kwa taratibu za huko kwake, na wa Kigoma kwa mambo ya Ziwa Tanganyika.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji huku Ukerewe. Kwenye mkutano wananchi walitaja mambo mengi: makokoro, maji ya kunywa, kichocho, vyoo vya mwaloni (mitumbwi inaposhushia samaki), magugu, mmomonyoko, barabara, zahanati. Kila mtu anasema lake ndilo la kwanza. Tunachaguaje?

Marahaba, mwenyekiti. Anza kwa kuangalia nani alikuwepo mkutanoni. Mkutano wa kijiji cha wavuvi ukiitwa Jumamosi saa nne asubuhi katika siku za giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, vibarua wa dagaa wamelala hoi baada ya kukesha ziwani, na wanawake wako juani wanaanika samaki. Waliokuja ni wazee, wakulima na wenye maduka, na vipaumbele vitakavyotoka ni vyao. Uiteni mkutano wakati mbalamwezi imekomaa, siku ambazo taa hazivuti dagaa na mitumbwi iko nchi kavu. Hilo peke yake hubadilisha orodha kuliko mbinu yoyote ya kupiga kura.

Kabla ya Mkutano Mkuu, fanyeni vikao vya vitongoji, na ndani ya kila kitongoji watenganisheni watu kwa kazi zao: wamiliki wa mitumbwi, vibarua, wanawake wachakataji na wachuuzi, wakulima wa kando ya maji, vijana. Kibarua hawezi kusema mbele ya tajiri wake kwamba nyavu za tajiri ni haramu. Akikaa na wenzake atasema. Mfumo wa kupanga mipango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao watendaji huuita O&OD, umejengwa juu ya utaratibu huu, kwa hiyo mwombeni Mtendaji wa Kijiji na maafisa wa kata wausimamie.

Sasa kuchagua. Msipige kura ya kunyoosha mikono kwa mambo manane kwa mkupuo, kwa sababu kura hutawanyika na jambo la wachache wenye sauti hupita. Punguzeni kwanza hadi sita kwa kuunganisha yanayofanana: kichocho, vyoo na maji ya kunywa mara nyingi ni tatizo moja lenye milango mitatu. Kisha linganisheni mawili mawili. Mambo sita yanatoa jozi 15. Chora jedwali kwenye karatasi ya manila, na kwa kila jozi kikundi kiulizwe: tukiweza kutatua moja tu mwaka huu, liwe lipi, na kwa nini? Andikeni jibu na sababu. Lililoshinda mara nyingi ndilo la kwanza la kikundi hicho. Kazi hii huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na thamani yake kubwa iko kwenye zile sababu, maana ndizo mtakazozibeba mkienda kuomba fedha. Mkitaka kura ya siri, wekeni makopo sita nyuma ya pazia na mpeni kila mtu punje tatu za mahindi.

Mkishapata mpangilio, upangeni upya kwa swali la pili ambalo vijiji vingi hulisahau: nani ana mamlaka? Vyoo vya mwaloni, usafi, mifugo kunywesha ziwani, kilimo cha ukingoni, haya kijiji kinaweza kuyasimamia kwa sheria ndogo na nguvu kazi yake. Mradi wa maji, zahanati na barabara vinahitaji bajeti ya Halmashauri ya Wilaya au wakala wa serikali anayehusika. Ukubwa wa macho ya nyavu na leseni ni mambo ya sheria ya uvuvi ya nchi nzima, nanyi mnachangia kusimamia tu. Chukueni mawili ya fungu la kwanza na moja la fungu la pili, basi. Kijiji kinachobeba vipaumbele vinane hakina kipaumbele. Kila kimoja kiwe na mtu mmoja anayewajibika kwa jina, tarehe, na alama ya kuonyesha kimekamilika.

Angalieni na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini maoteo ya bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Mpango wenu ukipitishwa na Mkutano Mkuu mwezi Septemba au Oktoba, unapata muda wa kufika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kupanda juu. Ukiupitisha Machi, utasubiri mwaka mwingine hata kama diwani ni rafiki wa kijiji.

Mkutano Mkuu wetu ulipitisha kwa kauli moja kwamba anayeosha pikipiki ziwani alipe faini. Kijana mmoja alitozwa, akaenda mahakamani, akashinda. Tulikosea wapi? (Msomaji, Magu)

Hamkukosea nia. Mlichokuwa nacho ni azimio, na azimio la mkutano halimtozi mtu faini. Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji, lakini faini inahitaji sheria ndogo, na sheria ndogo ina njia yake chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287.

Njia yenyewe ni hii. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inaandaa rasimu. Rasimu inabandikwa kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote na inasomwa mbele ya Mkutano Mkuu, kifungu kwa kifungu, watu wakitoa maoni. Maoni yanaingizwa, Halmashauri ya Kijiji inapitisha, kisha rasimu pamoja na mihutasari yote inapelekwa kwa kupitia kata hadi Halmashauri ya Wilaya. Baraza la Madiwani likiidhinisha, ndipo sheria inapoanza kutumika. Kabla ya idhini hiyo ni karatasi tu.

Rasimu nyingi hurudishwa au hukaa kabatini kwa sababu ambazo zingeweza kuepukwa. Ya kwanza ni muhtasari wa mkutano usio na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa. Hesabu ya “watu wengi walihudhuria” haionyeshi akidi. Andikeni jina, kitongoji, jinsia na saini, na idadi ya waliounga mkono na waliopinga. Ya pili ni faini inayozidi kikomo cha sheria mama. Mpelekeeni mwanasheria wa halmashauri rasimu kabla ya mkutano, siyo baada, kwa sababu kubadilisha kiwango baadaye kunawalazimu kurudi kwa wananchi. Ya tatu ni kugongana na sheria ndogo ya wilaya ambayo tayari ipo. Ombeni nakala yake mapema.

Sababu ya nne ni maneno mapana mno. “Ni marufuku kuchafua ziwa” haikamati mtu, kwa sababu kila mshtakiwa atauliza kuchafua ni nini. Andikeni tendo, mahali na mhusika: “Mtu yeyote haruhusiwi kuosha pikipiki, gari, au chombo kilichobeba viuatilifu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa juu wa maji.” Kisha andikeni nani anasimamia, nani anapokea faini, na kwa stakabadhi gani. Faini inayoingia mfukoni mwa mgambo huifanya sheria nzima ichukiwe ndani ya miezi mitatu.

Na jambo moja la haki: kabla ya kumkataza kijana kuoshea pikipiki ziwani, tengeni mahali pa kuoshea. Eneo la mbali na ukingo, sakafu ya kokoto, mtaro unaoingia kwenye shimo la changarawe, na pampu ndogo. Watu hutii katazo lenye mbadala.

Kati ya BMU na Serikali ya Kijiji, nani mkubwa mwaloni? Hapa kwetu wanagombana kila wiki. (Mchuuzi wa dagaa, Musoma Vijijini)

Hakuna aliye mkubwa. Kila mmoja amezaliwa na sheria yake. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kinatokana na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Kazi yake ni rasilimali: kuandikisha wavuvi na vyombo, kukusanya takwimu za samaki wanaoshushwa, doria, usafi wa mwalo, elimu. Ardhi ya mwalo, makazi, usalama wa raia, sheria ndogo na mipango ya maendeleo ni ya Serikali ya Kijiji. Ugomvi huanza pale pasipo na maandishi. Kaeni vikao viwili, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nani anasimamia usafi, ushuru unakusanywa na nani kwa niaba ya nani, doria inatoa taarifa kwa nani ndani ya muda gani. Yasainiwe mbele ya afisa uvuvi na kusomwa kwenye Mkutano Mkuu.

Chunguzeni pia kamati yenu imeundwaje. Miongozo ya BMU iliyooanishwa na nchi tatu za ziwa mwaka 2005, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, inataka kamati ya watu 9 hadi 15: asilimia 30 wamiliki wa vyombo, asilimia 30 vibarua, asilimia 30 wengine kama wachakataji, mafundi mitumbwi na washona nyavu, na asilimia 10 wachuuzi. Wanawake wasipungue watatu inapowezekana. Ukikuta kamati ya watu 11 ambamo tisa ni matajiri wa mitumbwi, usishangae doria zikikamata nyavu za maskini pekee. Mwombeni afisa uvuvi asimamie uchaguzi upya kwa mafungu hayo.

Kuhusu doria, tunasema kwa mkazo: mwana-BMU anayekamata wavu na kuuchoma papo hapo anaharibu kesi na anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa yeye. Wavu ukikamatwa uandikwe: aina, urefu, ukubwa wa jicho, mahali, saa, jina la mwenye nao kama yupo, na mashahidi wawili. Ukabidhiwe kwa afisa uvuvi kwa maandishi. Kuuteketeza ni hatua ya mwisho inayofuata utaratibu wa kisheria.

Kupima jicho nako watu hubishana bure. Loweka wavu kwanza. Shika mafundo mawili yanayokabiliana, vuta hadi mafundo mengine mawili yakutane katikati, kisha pima kutoka fundo hadi fundo. Usipime jicho moja, maana rula ikiteleza kidogo tu kipimo kinapotoka. Nyoosha macho 10 mfululizo, pima urefu wote, gawa kwa 10. Wavu wa milimita 8, kwa mfano, macho 10 yatoe sentimita 8. Sangara anapimwa kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na mwenye chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa. Kokoro na timba (wavu wa uzi mmoja wa plastiki) havina haja ya rula: ni haramu kwa ukubwa wowote. Kokoro hukwangua mahali ambapo sato hutaga na kulea vifaranga. Timba ni ya bei rahisi na haionekani majini, ikikatika inabaki chini ikiendelea kuua samaki wasio na mvunaji.

Mita 60 tunapima kutoka wapi? Maji yalipanda, yakameza nyumba. Leo yameshuka kidogo na watu wanarudi kujenga. (Mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, Bunda)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Shida ni kwamba ukingo wa Ziwa Victoria husogea. Mei 2020 maji yalipita rekodi ya Mei 1964, na Mei 2024 yakapanda tena zaidi. Mwambao wenu ukiwa bapa, kupanda kwa mita moja kunaweza kuleta maji makumi ya mita ndani. Kwa hiyo anayepima kutoka maji yalipo leo wakati wa kiangazi anajidanganya.

Tumieni alama ya juu kabisa. Tembeeni na wakazi wa muda mrefu, tafuteni mistari ya maji kwenye kuta zilizobaki, kwenye mawe na mashina, na wekeni rangi ya mafuta kila mita 100 ya ufuko. Kutoka hapo nyoosheni kamba ya mita 60 kwa mstari wa mlalo, siyo kwa kufuata mteremko, mkapige vigingi vya zege. Afisa mazingira na mpima ardhi wa halmashauri wawepo, na namba za vigingi kwa GPS ziingie kwenye muhtasari. Vigingi vya miti havifai, vitageuka kuni.

Miundombinu ya mwalo yenyewe, kama gati na mahali pa kushushia samaki, lazima iwe karibu na maji, lakini inahitaji kibali na tathmini ya mazingira. Nyumba ya kulala wageni haihitaji kuwa karibu na maji.

Ndani ya ukanda huo acheni matete na mafunjo yaote. Ndiyo yanayochuja tope na mbolea kabla ya kuingia ziwani, na samaki wadogo hujificha humo. Penye udongo uliochimbika pandeni nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Pengo likiwa kubwa, maji ya mvua hupenya na kuchonga mfereji. Mikuyu inafaa. Mikaratusi msiipande kando ya maji, kwani hunywa sana na chini yake nyasi haziotei vizuri.

Walio tayari ndani msiwaondoe kwa azimio la jioni moja. Pitieni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, tengeni kiwanja mbadala kabla ya kumhamisha mtu, na migogoro ipelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Mwenye bustani ya nyanya apewe msimu mmoja wa kuvuna na kuhama. Anzeni na wapya wanaojenga sasa: kumzuia mmoja anayeweka msingi ni rahisi kuliko kuwahamisha kumi waliokwisha kuezeka.

Mwaloni kwetu tukichimba shimo la choo futi nne tu maji yanatoka. Watu wanajisaidia kwenye majani, watoto wanaumwa matumbo, dawa za kichocho wanapewa kila mwaka lakini kinarudi. Tufanye nini? (Mwalimu, Ukara)

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa mwilini siku hiyo. Haimkingi mtoto akirudi majini kesho. Mzunguko unakatwa mahali pawili: mayai yasifike majini, na ngozi isiguse maji yenye vimelea. Kwa hiyo swali lako la choo ndilo swali la kichocho.

Sehemu ya chini ya shimo inatakiwa kuwa angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na choo kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chanzo cha maji. Kwenu hilo haliwezekani kwa kuchimba, basi jengeni kwenda juu. Choo cha kuinua chenye vyumba viwili ndicho jibu tunalolipendekeza kwa mwambao wa mawe au wenye maji ya juu. Sakafu ya zege isiyopitisha maji ijengwe juu ya ardhi, na juu yake vyumba viwili vya tofali vilivyopigwa lipu ndani, kila kimoja kimo cha mita moja hivi. Tundu linawekwa juu ya kila chumba, na ngazi pembeni. Mnatumia chumba kimoja tu, kila mtu akimwaga kikombe cha majivu baada ya kujisaidia. Kikijaa kinazibwa kwa mwaka mmoja na zaidi, nanyi mnahamia cha pili. Baada ya muda huo kilichomo kimekauka na kinatolewa kwa mlango wa nyuma, kikafukiwe kwenye miti mbali na maji.

Kinachoviua vyoo hivi ni vitu vitatu. Cha kwanza ni maji: watu wakitawadhia ndani ya tundu, kinyesi hakikauki na harufu inafukuza kila mtu. Wekeni mahali pa kutawadhia pembeni, penye mfereji wake unaoishia kwenye shimo dogo la changarawe. Cha pili ni majivu kuisha. Akina mama wanaokausha samaki kwa moshi wana majivu ya kutosha, kubalianeni yaletwe debe moja kila asubuhi. Cha tatu ni kufuli. Wavuvi wa dagaa hurudi alfajiri. Choo kikifunguliwa saa mbili asubuhi baada ya mlinzi kuamka, kazi imeshafanyika majanini. Hesabuni tundu moja kwa watu 20. Mwalo wa watu 200 unahitaji matundu kumi, siyo mawili yaliyopo kwa sababu mfadhili alikuja na fedha za mawili.

Kwa maji: vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi mchana. Kuchota mapema kunapunguza hatari, hakuiondoi. Maji ya kuogea na kufulia yakiwekwa kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili kamili, vimelea hivyo hufa. Lakini kipindupindu na homa ya matumbo havifi kwa kukaa kwenye pipa. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe klorini. Tunaona vijiji vikichanganya mambo haya mawili na kulipia kwa wagonjwa. Ng’oeni majani ya majini kwenye njia ya kuchotea, mkivaa mabuti marefu ya mpira, maana konokono huishi kwenye hayo majani.

Magugu maji yamejaa ghubani kwetu. Tuyakate kwa mapanga? (Busega)

Yatoeni, msiyakatekate na kuyaacha majini. Yakiozea majini yanamaliza hewa na samaki wanakufa, na vipande vilivyo hai vinaota upya. Katika hali nzuri gugu hili huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kazi ya siku moja kila baada ya miezi mitatu haifui dafu. Afadhali watu 20 kila wiki kwa eneo dogo la njia ya mitumbwi na kituo cha maji. Yarundikeni juu ya ile alama ya maji ya juu, mizizi ikitazama jua. Asilimia 95 hivi ni maji, kwa hiyo tani kumi mlizozitoa zitabaki takriban nusu tani kavu. Anayewaahidi utajiri wa mkaa wa magugu afanye hesabu hiyo kwanza. Mboji inafaa.

Fukusi walioachiwa ziwani miaka ya 1990 ndio waliosaidia kuyapunguza sana kufikia 1999. Mkiona majani yenye makovu madogo ya mviringo, fukusi wapo. Acheni sehemu ya magugu hayo ya pembezoni ili wasipoteze makazi. Na mbegu hukaa kwenye tope miaka mingi zikisubiri, huku mbolea na tope vinavyoletwa na mito vikiyalisha magugu. Ndiyo maana kijiji cha ziwani kina haki ya kwenda kwenye kikao cha kata za juu ya mto na kuzungumzia mashamba ya huko.

Kenya hatuna mkutano mkuu wa kijiji kama wenu. Sisi tupitie wapi? (Homa Bay)

BMU zenu mnazo, na usimamizi wa ufuo unaanzia humo. Kwa bajeti, mlango ni kaunti: mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kaunti, mpango wa kila mwaka, na vikao vya ushirikishwaji wa umma ambavyo Katiba ya 2010 inavitaka. Pelekeni memoranda iliyoandikwa na kugongwa muhuri wa kupokelewa, msitegemee maneno ya kikaoni peke yake. Jambo lisiloingia kwenye mpango wa miaka mitano hupata taabu kupata fedha baadaye.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu, sisi vibarua tulikaa njaa. Kijiji kinaweza kufanya nini lisije likatukuta tena? (Kigoma)

Kufungwa kwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 kulitokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ili migebuka na dagaa wazaliane. Kijiji hakiwezi kutengua makubaliano hayo, lakini kinaweza kujiandaa. Kikundi cha kuweka akiba kianze Septemba, mara tu uvuvi unapofunguliwa na fedha ipo, siyo Aprili. Ombeni mapema mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Uandikishaji wa kikundi huchukua wiki kadhaa, na kikundi kinachoundwa wiki moja kabla ya ziwa kufungwa hakipati kitu.

Ushuru unakusanywa kila siku mwaloni lakini hatuoni hata tundu la choo. Tukiuliza tunaambiwa tuna siasa. (Sengerema)

Kuuliza fedha za kijiji ni haki, na swali likiandikwa vizuri halikwepeki. Kwanza, kila anayelipa adai risiti ya mashine. Ushuru wa mkononi bila risiti haujulikani umeenda wapi na hata mkaguzi hataupata. Pili, watu watano wa kazi tofauti wahesabu kwa siku saba mfululizo: mitumbwi mingapi imeshusha, ndoo ngapi, ushuru kiasi gani kwa ndoo. Hiyo inawapa makisio ya mwezi. Tatu, Mkutano Mkuu unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Ombeni kwa barua ajenda hiyo iwekwe, nakala kwa Mtendaji wa Kata.

Tofautisheni fedha za halmashauri na za kijiji. Ushuru wa samaki kwa kawaida ni chanzo cha Halmashauri ya Wilaya, na anayekusanya mwaloni ni wakala tu. Mwenyekiti wenu huenda hana senti yake. Swali la choo basi liende kwa diwani na mkurugenzi, likiwa na makisio yenu na muhtasari wa Mkutano Mkuu uliotaja choo kuwa kipaumbele. Mkinyimwa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kujibu ombi la maandishi. Andikeni ombi nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, mkae nayo ninyi.